Mulei Anagawanya Bwawa la Kalimoni

Hoteli ya Wayua, Mama Katunge, haikuwahi kukosa watu, lakini Jumapili ile hata benchi la nje lilivunjika mguu. Watu walikuwa wamekuja kuona bwawa likigawanywa.

Shamba la mkonge pale Kalimoni lilikuwa na kambi mbili za vibarua, ya Juu na ya Chini, na bwawa katikati. Ndani ya bwawa mlikuwa na shimo, na shimoni ndimo samaki aina ya ngege walimojazana. Opiyo wa Kambi ya Chini aliwatega kwa vikapu, Wayua akawakaanga hapo hapo Chini, na watu wakapanda baiskeli kutoka Gitothua kuja kula. Kisha Kambi ya Juu wakasema shimo ni lao. Zilipigwa ngumi mara mbili. Mwenye shamba akaapa kwamba zikipigwa mara ya tatu, bwawa lote litazungushiwa seng'enge, mtu asichote hata maji ya kunawa uso.

"Sasa mimi bila samaki niuze nini, moshi?" Wayua alimlilia kila aliyeketi.

Dawa ilitoka kwa Mulei. Huyu alikuwa baharia wa manowari kule Mombasa miaka saba, kazi yake kutupa kamba ya kupimia kina. Mwaka ule wa 1958 redio ilitangaza kwamba mataifa yamekutana Geneva kuandika sheria za bahari, na Mulei alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za kwao.

"Mkitazamana ufuko kwa ufuko na hamna mapatano mengine," aliwaambia, "mstari unapita katikati. Uwe taifa kubwa, uwe taifa dogo, hapo ni kamba tu."

Mzee Kagwe, msemaji wa Kambi ya Juu, alikubali, ingawa alinong'ona kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Hakimu mwenyewe amelishwa ngege na Mama Katunge miaka miwili!"

"Na vichwa namwongezea!" Wayua akajibu, watu wakaangua kicheko.

Alikuwa na sababu ya kuchangamka. Ijumaa yeye na Opiyo walikuwa wamejaza mawe majini upande wao, wakaweka juu yake chanja ya kukaushia samaki. Ufuko wa Chini ukawa umesogea mbele hatua nane. Kwa hizo hatua nane, shimo lilikuwa lake.

Mulei alikunja suruali, akaanzia upande wa Juu. Hapo palikuwa na lundo la mawe. Akalipapasa jiwe moja chini ya maji.

"Mzee Kagwe, hili limezaliwa lini? Mbona halina hata utelezi?"

Kagwe akakohoa.

"Nchi inayohesabiwa ni aliyoiweka Mungu. Ukijaza mawe kwa mkono, ni mawe tu. Hayakupi maji," Mulei alisema, akafunga kamba kwenye ukingo wa udongo nyuma ya lundo.

Kambi ya Chini walipiga vigelegele. Wayua alikuwa akicheka kuwashinda wote, mpaka kamba ilipovuka na Mulei akasimama mbele ya chanja yake.

"Mama Katunge, na haya?"

Opiyo alitazama mawingu. Wayua alihisi macho ya watu mia usoni.

"Hayo nimeyakuta, baba."

Mulei aliinama, akasugua jiwe, akainua kiganja. Kilikuwa safi, hakuna ukijani. Aliyaruka mawe, akaenda kufunga kamba kwenye ukingo wa udongo, ule wa zamani. Kisha akaikunja mara mbili kupata katikati, akachomeka mti majini. Shimo likabaki upande wa Juu, kwa hatua mbili.

"Miaka miwili ya vichwa vya samaki!" Wayua alimfokea.

"Vilikuwa vitamu, mama. Lakini kamba haili."

Wayua alitaka kumrushia sufuria. Ndipo akamwona Kagwe akivua kofia.

"Nilikuja na maneno yangu ya kukataa, yako tayari," mzee alisema. "Yamenikaukia mdomoni. Mtu amewanyima wanaomlisha!" Akamgeukia Wayua. "Na sisi, mama, samaki hata hatuli. Mke wangu Ngendo akisikia harufu yake anahama nyumba. Tulichokataa ni kuambiwa maji yote ni yenu. Opiyo aje atege. Akifika kwenye mti, apige hodi."

"Hodi majini?" Opiyo akauliza.

"Majini! Kwani si mlango?"

Seng'enge haikuja. Kila alfajiri kambi zote mbili zilimsikia Opiyo akipiga hodi kwenye mti, na mtu wa Juu akiitikia karibu. Na hotelini, hakuna mgeni aliyemaliza chai bila kuhadithiwa habari za Mulei. Wayua hakuficha kitu, hata uongo wake. Akifika hapo aliweka birika chini, akainua kiganja chake juu, kikavu, wazi, akakizungusha ili meza zote zikione.

"Hivi," alisema. "Mbele yangu mimi ninayemlisha! Hivi!"