Askofu na Mjusi wa Uzioni

Merv Trezise alikuwa na kauli moja kuhusu mijusi, na aliitoa bila kuombwa: mjusi wa ndevu halelewi. Yeye kazaliwa katika mji mdogo wa Kadina, kakulia Kadina, na tangu utotoni amewaona, na miiba yao ya kidevuni kama ndevu, wamekaa juu ya nguzo za uzio, kila mmoja na nguzo yake, wakiota jua kama wastaafu. Nani amewahi kuwapelekea chakula? Nani amewawashia taa? Kwa hiyo binti yake Kerensa alipopata kazi kwenye migodi ya magharibi, kwenye vyumba vya wafanyakazi visivyoruhusu mnyama, akamletea baba yake mjusi wake pamoja na sanduku la kioo, taa na maelezo marefu, Merv alimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye kriketi.

Mjusi aliitwa Askofu. Alikuwa na tabia ya kuinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole hewani, kana kwamba anabariki waumini. Merv alimpenda kwa hilo, na mapenzi yake yakaishia hapo. Taa ilimuumiza macho akitazama televisheni, akaizima. Sanduku akaliweka kwenye kibaraza cha nyuma kilichozibwa kwa vioo, penye jua tele, akajipongeza. Chakula kilikuwa saladi iliyobaki, na nyama ya kusaga kidogo siku ambazo yeye mwenyewe alikula nyama ya kusaga.

Kilichomshika Merv moyoni hakikuwa mjusi. Ilikuwa simu. Tangu mkewe Loveday afariki, yeye na Kerensa hawakuwa na la kuzungumza. Loveday ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba, wao wawili kazi yao ilikuwa kusikiliza, na msikilizaji akibaki na msikilizaji mwenzake nyumba hunyamaza. Sasa kila Jumapili Merv alituma picha ya Askofu, na jioni binti yake akampigia kuuliza Askofu amekula nini, amelala wapi, amembariki nani. Yalikuwa mazungumzo ya mjusi mwanzo hadi mwisho, lakini yalikuwa mazungumzo. Merv alivaa shati safi kuyapokea, ingawa simu yenyewe ilikuwa ya sauti tu.

Majira ya baridi yalipoingia, Askofu akaacha kula. Merv akasema analala, mijusi hulala wakati wa baridi, kila mtoto wa Kadina anajua. Vidole vya mjusi vikaanza kutetemeka. Merv akasema anaota ndoto. Askofu akaanza kuburuta miguu ya nyuma, na hapo Merv akaanza kutuma picha za zamani. Joto liliporudi, mijusi wa uzioni wakapanda nguzo zao, wanono, wanang'aa, na Askofu bado kalala kifudifudi kwenye mchanga kama soksi iliyosahauliwa. Picha za zamani zilikuwa zimekwisha. Basi mzee mzima huyu, mwenye mvi zake, alitoka na simu mkononi, akamnyemelea mjusi wa porini juu ya nguzo, akampiga picha kwa karibu sana ili waya wa uzio usionekane, akaituma.

Jioni ile Kerensa alipiga simu, akasema picha ameiona. Kisha akauliza kwa upole, "Amekula nini leo?"

"Anakula kuliko mimi," Merv akajibu. "Si umeziona ndevu zilivyo nyeusi? Dume kweli kweli."

Simu ilipokatika alijiona mshenzi. Aliitazama picha, akamtazama Askofu, akaona amejitafutia ushahidi dhidi yake mwenyewe: hivi ndivyo mjusi anavyopaswa kuwa, na huyu hapa ndiye uliyemlea wewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na Merv alijua kifo hicho kikija, simu ya Jumapili itazikwa nacho. Asubuhi akamfunga Askofu kwenye taulo, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari Fenella Moyle alimgusa Askofu taya, likabonyea. Akauliza mjusi anapata jua wapi. Merv akaeleza habari za kibaraza, tena kwa fahari kidogo. Daktari akamwambia kwamba kioo hupitisha mwanga na joto, lakini ile nguvu ya jua inayokaza mifupa hubaki nje, na taa aliyoizima ndiyo iliyokuwa badala yake. Mifupa ya mjusi ilikuwa imelainika.

"Lakini daktari, wa uzioni nawaona tangu nizaliwe. Hakuna anayewalea."

"Na umewahi kumwona wa uzioni aliyefungiwa dirishani?" daktari akamuuliza. "Wale wanajilea, mzee wangu. Wakitaka jua wanapanda, wakitaka kivuli wanashuka, wakitaka mdudu wanamfuata. Huyu umemnyima vyote, halafu ukamwambia ajitegemee." Akamgeuza Askofu chali, akamwangalia. "Na ni jike."

Kweli, Kerensa alikuwa amemwambia. Lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoingia kwenye sikio la kriketi. Merv akauliza kama atapona. Daktari hakuahidi. Miguu iliyokwisha kupinda haitanyooka, alisema, na yaliyobaki yatategemea mlezi, neno ambalo Merv alilisikia likimchoma mahali fulani chini ya mbavu.

Ndipo ulipoanza utumishi wa Merv Trezise. Kila asubuhi alimdondoshea dawa ya kalsiamu, ya kukaza mifupa, pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano, nusu ikaingia kwa Askofu na nusu kwenye mkono wa shati. Alimwogesha maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Alirudisha sanduku ndani, akawasha taa, akatazama kriketi akiwa amevaa miwani ya jua. Na kwa kuwa mgonjwa alihitaji wadudu walio hai, Merv akawa mfugaji wa mende. Marehemu Loveday alipigana na mende maisha yake yote, na sasa walikuwa wakinenepeshwa kwa karoti ndani ya kopo lake la keki. Siku kifuniko kilipoteleza, mumewe aliwakimbiza jikoni kwa magoti huku akimwomba msamaha kwa sauti.

Jua la kweli nalo lilitaka mlinzi, maana kunguru wangemchukua Askofu mchana kweupe. Merv akawa analala chali bustanini kwenye kiti cha uvivu, mjusi kifuani. Jirani yake, Clarrie Odgers, akachungulia juu ya uzio.

"Merv, unaatamia?"

"Naatamia akili," Merv akasema. "Nimechelewa kidogo."

"Si ulisema hawa hawalelewi?"

"Nilisema mengi, bwana. Na wewe ulikaa ukanisikiliza. Sasa mjinga nani?"

Clarrie hakuwa mtu wa kulala na habari. Haukupita muda, klabuni wakawa wanamwita Merv Mama Mjusi, naye akaitika. Majina aliyokuwa akijiita mwenyewe yalikuwa mabaya zaidi.

Askofu akaanza kunyanyua kichwa. Akamkosa mende wa kwanza, akamkosa wa pili, akamdaka wa tatu, na Merv akampigia makofi. Taya likakaza. Kisha asubuhi moja alimkuta juu ya gogo lake, amejikokota mwenyewe kwa miguu yake iliyopinda, na alipomwona Merv akainua mkono akauzungusha polepole. Merv alilia pale pale, wala hakusingizia vumbi.

Furaha hiyo ilikuja na shida yake. Wiki zote hizo alikuwa bado anatuma picha za uzioni, na Kerensa alikuwa ameonyeshwa bonge la dume, ilhali yule wa kweli alikuwa jike jembamba lenye miguu kombo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Merv ilikuwa imefika ukutani. Akisema ukweli, binti yake atatuma mtu aje amchukue Askofu, na Jumapili itabaki na kriketi tu. Asiposema, atakuwa anazungumza na mwanawe habari za mjusi wa watu mpaka kaburini. Alimpiga Askofu picha, akaituma kabla hajapata muda wa kujishauri.

Simu ililia mchana ule ule.

"Baba, huyu ni nani?"

"Askofu. Wale wengine walikuwa wa uzioni. Nilimwacha akaugua, nikaona haya kukuambia. Alikaribia kufa, mwanangu, kwa ujinga wangu. Ukitaka kumpeleka kwa mtu mwingine, sitasema neno."

Halafu akamsikia Kerensa analia.

"Nilijua yule si yeye. Askofu ni jike, Baba, na yule ana kichwa kama tofali. Nilidhani amekufa. Nilidhani amekufa siku nyingi na unashindwa kuniambia."

"Lakini kila Jumapili unaniuliza amekula nini."

"Sasa ningekuuliza nini? Ningesema najua amekufa, picha zingekwisha. Halafu ningekupigia niseme nini?"

Merv akavuta kiti cha jikoni, akakaa. Kumbe wiki zote hizo mwanawe alikuwa akiulizia mlo wa maiti ili asikie sauti ya baba yake, na baba mtu alikuwa akimtungia maiti huyo mlo kwa sababu hiyo hiyo. Alitaka kujitukana, akakuta matusi yamemwishia. Akatafuta swali, na likachukua muda kupatikana, kwa kuwa hakuwa amewahi kulitumia.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "wewe umekula nini leo?"