Dawati la Konsolata

Lori la Klabu ya Hisani liliingia shuleni Titye asubuhi moja ya mwaka 2013, wanafunzi wakiwa bado wanamwagia maji sakafu ya vumbi ili waifagie. Madawati ya kijani yakashushwa. Haidari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasulu na mwenyekiti wa klabu, akawaambia watoto haya sasa ni yenu, kaeni, tabasamuni. Wakapigwa picha. Kisha wakaambiwa wainuke, maana mchana madawati hayohayo yalitakiwa shule ya Heru Juu, na keshokutwa Kibondo. Klabu ilifanya hivyo miaka yote: madawati yaleyale, shule tele, picha kedekede.

Waliinuka wote isipokuwa Konsolata wa darasa la tatu.

"Mlisema ni letu," alisema.

Wakamvuta, asibanduke. Mwalimu mkuu akainama, akachungulia, akasema kweli, mtoto ameota kwenye ubao wa dawati kama tawi. Haidari akatazama saa. Wakampakia na dawati lake, wakafunga kamba.

Mama yake, Pelagia, alikuwa akipalilia maharage. Habari zilipomfikia alipanda bodaboda na jembe lake mkononi, akamkuta binti yake Heru Juu, anapigwa picha na watoto wasiomjua.

"Mzee, naomba mwanangu," alimwambia Haidari.

"Mtoto ni wako, mama, nani anabisha? Dawati ndilo la klabu."

"Basi niachie hilo moja."

"Na shule nyingine nikaziambie nini? Tusiwe wachoyo, mama."

Eti wachoyo. Pelagia alitamani kumzaba kibao mbele ya watu wake. Lakini mtoto alikuwa hajala. Akaomba ugali wa muhogo kwa jirani wa shule, akamkaribia nao, mpiga picha akamzuia: hapo wanafika wenye fulana za klabu tu. Akavaa fulana. Mgongoni iliandikwa Tunajitolea.

Tangu siku hiyo alilifuata lori. Konsolata alikua akiwa amekaa, na dawati likarefuka naye, bila fundi kuligusa. Katika kila shule alisoma kilichokuwa ubaoni mpaka picha zikaisha. Hapa nusu ya hesabu, kule mwanzo wa habari ambayo hakuujua mwisho wake. Maharage ya Pelagia yaliliwa na mbuzi wa watu.

Mwaka 2015, kwenye sherehe ya klabu huko Kibondo, Haidari alimwita jukwaani kama mfano wa mama anayejitolea, akampa kipaza sauti.

"Nyinyi ni wezi," Pelagia alisema. "Nawachukia. Nirudishieni mwanangu."

Walimpigia makofi, kama walivyompigia kila aliyetangulia kusema. Haidari akamvisha shada la maua ya plastiki, wakapigwa picha.

Kisha lori likawashwa. Pelagia akapanda nyuma, akakaa chini, akayashikilia madawati mengine yasije yakamwangukia binti yake kwenye mashimo.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Shuleni," Pelagia alijibu.