Maji ya Waridi Kabatini

Wifi yangu Alphonsine haji Brussels bila pakiti ya permanganati. Lubumbashi tuliosha mboga kwa dawa hiyo, na maji yake huwa ya waridi. Basi Jumamosi, nilipokuta kabatini chupa ya maji yenye rangi hiyo, sikuuliza. Niliyamwagia lengalenga, mchicha wetu, kwenye beseni.

Baadaye binti yangu Keren akaingia jikoni. "Maman, bocal yangu, ile chupa ya kabatini, iko wapi?"

Hapo nikakumbuka. Kwa wiki sita alikuwa anafuga viumbe kutoka bwawa la Josaphat, kila kimoja chembe hai moja tu, visivyopenda mwanga. Jumatatu angevionyesha mbele ya watahini. Alishanieleza: havina meno wala miiba, rangi yao ya waridi ndiyo sumu. Adui akiving'ata vinaitema, naye anarudi nyuma.

Nina diploma ya maabara, nilijua thamani ya wiki sita hizo. Hata hivyo mdomo wangu ulisema, "Muulize tantine yako Alphonsine. Yeye ndiye anashinda jikoni."

Alphonsine alikuwa anamenya vitunguu. "Miye? Mutoto, sikugusa kintu."

"Donc yamejimwaga yenyewe," Keren alisema.

Alphonsine akanitazama. Alikuwa ameniona nikimwaga. Akaweka kisu chini. "Bon. Pengine ni miye. Uzee, mama. Unisamehe."

Mgeni wangu, mwenye miaka sitini na minane, anamwomba mtoto radhi kwa kosa langu.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimwaga, kisha nikadanganya."

Afadhali Keren angefoka. Aliinamisha chupa, akavuta kwa pipeti matone yaliyobaki chini, akaenda kwenye hadubini yake chumbani. Sisi wawili tulisimama mlangoni kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

"Wamebaki sita," alisema hatimaye. "Wawili wamepauka."

"Wametema sumu?" niliuliza.

"Yote. Itarudi baada ya siku kadhaa, wakiachwa gizani. Lakini si Jumatatu."

Nilifunga pazia, nikazima taa, nikakaa sebuleni kumwandikia mwalimu wake kuomba wiki mbili.

"Na lengalenga zako," Alphonsine aliniambia akipita, "utakula peke yako."

Kutoka chumbani kwenye giza Keren akaita, "Usiandike ni ajali, maman."

Nilikuwa nimeshaandika. Nikafuta.