Bakuli la Sijali

Mwenye mtoto mdogo na kinyongo na jirani, na akae asikilize habari ya Hafidha wa Dabaso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa swala tano, mwenye mkono mwepesi wa kutoa, na lililompata lingeweza kumpata yeyote aliyeumizwa akanyamaza.

Kwao ni Mambrui, ambako mbwa akipita mtaani hutupiwa jiwe kabla hajaulizwa ametoka wapi. Aliolewa na Msellem akiwa na miaka kumi na minane, akaletwa shamba Dabaso. Siku ya kwanza alipomwona mbwa amelala chini ya mkorosho mbele ya nyumba, alilia, akataka arudishwe kwao na sanduku lake.

Msellem alicheka. "Nyani wa msituni hawaogopi dua zako, Hafidha. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa. Usimguse ukiwa na majimaji, mpe chombo chake, basi."

Ndugu zake wa Mambrui waliposikia, wakasema. Ati Hafidha amekuwa mtu wa bara, anakaa na mbwa. Basi mbwa yule Hafidha akampa jina Semeni. Semeni akaishi miaka kumi, akafa kwa uzee. Aliyefuata, wakati ndugu bado wanasema, akaitwa Mtachoka. Huyo alichukuliwa na chui hata mwaka haujatimia. Wa tatu aliletwa mwaka wa sabini na tatu akiwa mdogo, anaenea ndani ya kikapu cha korosho, na kwa wakati huo Hafidha alikuwa hana habari tena na maneno ya watu. Akamwita Sijali.

Huyu Sijali ndiye aliyezeeka naye. Alikuja Hafidha ana nywele nyeusi tititi, akaona mvi ya kwanza, akamwona Nana, mtoto wa pekee, akizaliwa mamake ameshakata tamaa. Msellem alipofariki, Hafidha akaingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki, na mbwa akahama chini ya mkorosho akaja kulala nje chini ya dirisha lake. Akikohoa ndani, Sijali naye huko nje anapiga mkia chini, pu, pu. Hakuna aliyemfundisha. Hafidha hakumpapasa kichwa hata siku moja katika miaka kumi na mitatu, lakini alikuwa akimwambia mambo ambayo hata wifi yake Jaha hakuambiwa.

Chombo cha mbwa kilikuwa bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, limetobolewa tundu ukingoni kwa msumari. Lilikaa juu kwenye panda ya mkorosho, lisichanganyike na vyombo vya watu. Asubuhi Hafidha hulishusha kwa upembo, ile fimbo ya kuangulia maembe, akaingiza ncha kwenye tundu. Mbwa akishakula, hulirudisha juu kwa upembo uleule. Mabakuli ya bati ya namna hiyo yalikuwa kila nyumba, lakini Dabaso nzima walilijua lile kwa tundu lake.

Halafu akaja Aboud.

Aboud alitoka Malindi mjini, akanunua shamba linalopakana na la Hafidha, akafuga ng'ombe wawili. Hana mke wala mtoto. Ila usafi! Anatembea na birika lake mwenyewe la kutawadhia, na kijiko chake mfukoni kimefungwa kwenye leso. Kwenye karamu haketi kwenye sinia na watu. Lazima apakuliwe peke yake.

"Bwana Aboud, mikono yetu ina nini?" walikuwa wakimtania.

"Mikono yenu sina neno nayo. Kucha zenu ndizo sizijui."

Sijali alipofika miaka kumi na mitatu macho yalimwingia ukungu. Akawa anafuata pua tu. Jua likiwa kali, pua ilimpeleka kwenye mtungi wa Aboud, ule wa maji ya kutawadhia, akanywa. Aboud akamwaga maji, akausugua mtungi mara saba, mara moja kwa udongo, huku akipiga kelele mpaka barabarani kunasikika. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu hakupiga kelele. Alikuja mpaka uani kwa Hafidha, akasimama.

"Bi Hafidha, mfunge mbwa wako."

"Amezeeka, baba. Haoni. Nitakununulia mtungi mwingine wenye kifuniko."

"Sitaki mtungi. Nimekwambia mfunge."

Hafidha akamfunga. Siku nne mbwa akalia kama mtoto, hali chakula. Siku ya tano akamfungua.

Alhamisi iliyofuata Hafidha alikwenda Malindi na Nana kununua kitambaa. Aliporudi alasiri, Sijali amelala chini ya dirisha, pale pale pa siku za eda, mdomo umejaa povu, ulimi umekuwa mweusi. Bakuli liko juu ya mkorosho, mahali pake, kama alivyoliacha.

Baya, mgema wa minazi wa shamba la chini, ndiye aliyemzika, kwa kuwa Hafidha hakuwahi kumgusa. Alisimama na jembe, akamtazama mbwa muda mrefu.

"Mama Nana, huyu hakufa na uzee. Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Katupiwa kitu akala."

"Nani ana ng'ombe hapa, Baya?"

Baya akafukia.

Hafidha alivaa buibui akaenda moja kwa moja kwa Aboud. Alimkuta barazani anakatakata majani. Hata salamu hakumpa.

"Umeniulia mbwa wangu."

Aboud hakuinua uso. "Mbwa wa umri ule hufa, bibi. Na wewe umeingia kwa mtu bila salamu. Mbwa amekufundisha adabu zake?"

Maneno hayo yaliingia yakakaa. Hafidha alirudi nyumbani hakulia. Watu walitarajia alie, wakamwambia pole kwa kicheko, maana nani hupewa pole ya mbwa? Jaha akamwambia, "Haya, shamba limesafika sasa, malaika wataingia." Asubuhi Hafidha alikuwa bado anaamka na makombo ya ugali mkononi, anatoka nje, anakumbuka, anarudi. Akikohoa, kimya. Na kila akisikia kimya kile, aliuona uso wa Aboud usioinuka.

Akafikiri amchomee zizi. Akaona moto haujui mpaka. Akafikiri ampeleke kwa chifu. Ushahidi uko wapi? Ndipo siku moja, anapita chini ya mkorosho, akainua macho akaliona bakuli. Akasimama. Akacheka peke yake, kicheko ambacho Nana alikisikia akauliza, "Mama, unacheka nini?"

"Nimekumbuka mgeni."

Hitima ya Msellem ya kila mwaka ilikuwa imebaki wiki mbili. Aboud angekuja, jirani haachi hitima. Na Aboud angepakuliwa peke yake. Basi atakula pilau ndani ya bakuli la Sijali, lisilooshwa hata tone, si mara saba, hata mara moja. Atakula, atasema alhamdulillahi, ataenda kuswali na najisi ya mbwa tumboni. Siku arubaini za swala zisizokubaliwa zikipita, Hafidha atamngoja mlangoni mwa msikiti watu wakitoka, amwambie mbele yao wote: "Bwana Aboud, hujambo? Unakumbuka lile bakuli?" Alikuwa akiyarudia maneno hayo akipepeta mchele, akikuna nazi, akilala. Yalimpa usingizi. Tangu mbwa afe, hakuna kilichompa usingizi ila hayo.

Ijumaa ya hitima ilifika. Asubuhi mapema alilishusha bakuli kwa upembo. Ndani chini kulikuwa na utando wa kahawia, umekauka. Mchuzi wa samaki wa mwisho wa Sijali, akawaza, na moyo ukamuuma. Hakutia maji, maji yangeharibu kazi. Alilifuta kwa jani kavu la mgomba mpaka likang'aa juujuu, akalificha chini ya mkeka.

Baada ya swala ya Ijumaa wanaume wakajaa barazani, wakasoma. Jikoni Jaha alikuwa akipakua masinia. Hafidha alitoa bakuli, akalijaza pilau mwenyewe, akaegemeza ndizi ya kisukari pale penye tundu, ikaziba.

"Bakuli gani hilo tena?" Jaha aliuliza.

"La siku nyingi. Nimelitoa kwa ajili ya yule asiyekula na watu."

"Unamheshimu kweli, mtu aliyekutukana!"

"Leo namheshimu," Hafidha akasema.

Akalifunika kwa kawa, akatazama nani wa kulipeleka. Wanawake wote mikono imejaa. Nana akaruka mbele, gauni jipya, miaka sita. "Nipe mimi, Mama!" Akampa. Ni kupeleka tu, akawaza. Kupeleka si kula.

Akasimama nyuma ya pazia la mlango, akatazama. Alimwona mtoto anatembea polepole, ulimi nje kwa uangalifu, asimwage. Alimwona Aboud anatoa leso, anakunjua kijiko. Moyo wa Hafidha ulikuwa unapiga kwa furaha. Kula, baba. Kula ushibe.

Sasa Aboud kwa watu wazima alikuwa hivyo, lakini kwa watoto alikuwa mtu mwingine. Kila aliyemletea chakula alimpa yeye kwanza.

"Nani kapika huu?"

"Mama!"

"Basi aliyebeba aonje kwanza. Fungua kinywa."

Akachota kwa kijiko chake, akamtia Nana kinywani.

Hafidha aliona. Pazia lilikuwa mkononi mwake. Neno moja tu lilitosha: Nana, njoo. Akakifungua kinywa chake. Kisha akawaza: nikimwita, Aboud atashtuka, atalitazama bakuli, na yote yataharibika. Nitamsuuza mtoto kinywa jioni, mara saba, kwa udongo. Ni najisi tu. Acha yule ale kwanza.

Akafunga kinywa.

Nana alitafuna akameza. "Chungu," akasema.

"Chungu? Hiliki hiyo. Onja tena." Akamtia kijiko cha pili.

"Nataka ndizi, Mjomba."

"Ndizi yako hii." Aboud akaiinua ndizi ukingoni mwa bakuli, na tundu la msumari likamtazama.

Aliganda. Watu waliokuwa karibu wanasema uso wake uligeuka rangi ya jivu la kuni. Kisha bakuli likaruka mpaka ukutani, na yeye yuko magotini, amemshika mtoto taya, anamtia vidole kooni.

"Tema! Tema, mwanangu! Hili nimetia dawa! Maziwa, leteni maziwa! Nimetia dawa kwa mkono wangu!"

Msahafu mtu ameushika wazi, hajui aufunge au vipi. Hafidha alitoka nyuma ya pazia kichwa wazi mbele ya wanaume, hajui. Nana alikuwa anatapika pilau kwenye kanzu ya Aboud, ile kanzu isiyoguswa na mtu, na povu jembamba limeanza kumtoka pembeni mwa mdomo. Hafidha aliliona povu lile. Alikuwa ameshaliona mara moja.

Baya ndiye aliyembeba mtoto kwa baiskeli mpaka zahanati, Hafidha anakimbia nyuma, Aboud anakimbia nyuma yake. Mganga akamwosha tumbo, akasema angalimeza kijiko cha tatu, wangalirudi na maiti. Mpaka Magharibi walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, mmoja huku, mmoja kule, katikati wangeenea watu watatu.

Aboud ndiye aliyeanza. "Nilikuja na upembo wangu, sikuligusa. Nikatia mchuzi na dawa. Mbwa alipomaliza nikalirudisha juu. Nilijua wewe huliweki na vyombo vya watu." Akamgeukia. "Limefikaje kwenye pilau, bibi?"

Hafidha akavuta ncha ya kanga, akajifunika kichwa.

"Ulijua lina dawa?"

"Sikujua."

"Basi ulitaka kunilisha nini?"

"Mbwa," akasema Hafidha. "Nilitaka ule mbwa."

Aboud akaitazama kanzu yake iliyochafuka. "Na mtoto nilipompa? Ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo Hafidha alipojiinamia. Alikuwa na jibu la kila kitu, wiki mbili alikuwa akijipangia majibu, lakini hilo hakulipanga. Alikuwa pale pale. Alikuwa ameshika pazia.

Nana alipona. Watu wa Dabaso walikwisha kusikia yote, na kisasi ambacho Hafidha alikitaka alikipata kikubwa kuliko alivyoomba: hakuna mtu aliyemwalika tena Aboud kwenye hitima wala harusi, na watoto walimwita Bwana Dawa akipita. Mwisho akauza ng'ombe. Lakini hakuna aliyekuja kula kwa Hafidha pia. Jaha mwenyewe akija, anasema ameshiba. Na msione kwamba Hafidha alimsamehe yule. Hata leo akimwona njiani hugeuza uso, kwa ajili ya Sijali. Kinachomuuma ni kwamba mbaya wake alifungua kinywa kumwokoa mtoto, na yeye mama alifunga chake.

Bakuli Baya alilizika kaburini kwa mbwa. Baadaye akamletea kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, kizuri, masikio yamelala. Hafidha alikitazama sana, akakirudisha.

Nana sasa ni mkubwa, anasoma darasa la tatu. Hakumbuki sana, au anasema hakumbuki. Ila akiwekewa chakula, kwa mtu yeyote, hata nyumbani kwao, hata na mamake mwenyewe, haoni haya: kwanza anakizungusha chombo polepole, anapitisha kidole ukingoni mwote, anatafuta tundu. Ndipo anapokula. Na Hafidha, kila mlo, anamtazama akifanya hivyo, wala hawezi kumwambia acha.