Raissa na Mlango wa Hospitali

Raissa alikuwa na miaka saba mama yake alipofariki. Baba alikwisha kutangulia zamani, kwa hiyo ndugu wa pande mbili wakamgombania, kila mmoja kwa mapenzi yake. Baba yake mkubwa, Mahmudu, muuza vitenge wa Gitega, alitaka aendelee kukaa kwake mjini. Mama yake mdogo, Swabra, mshonaji wa Gashoho kule Muyinga, alisema marehemu dada yake alimwachia yeye.

Hakimu hakutaka kukata kesi kwa kubahatisha. Alimtuma Gaudensia, mtaalamu wa watoto aliyekulia Tanzania, akaangalie mtoto mwenyewe anahitaji nini.

Gaudensia alianzia Gitega. Aliona nyumba safi, kitanda kizuri na binamu wa kucheza nao. Lakini Mahmudu alikuwa na sikitiko lake.

"Madame, mi nampenda, lakini huyu mtoto iko na kiburi. Namwita, haitiki. Na kwa masomo, walimu wanasema vilevile."

Gaudensia aliketi mkekani akacheza na Raissa kwa vipande vya kitenge. Mtoto alicheka, akapanga rangi kwa ustadi, ila kila alipoambiwa neno alimkodolea macho mdomoni. Mara sufuria ikaanguka nyuma yake. Wote wakashtuka, Raissa akaendelea kupanga.

Wiki iliyofuata Gaudensia akampeleka Gashoho. Raissa alimrukia Swabra, maneno yakimmiminika. Swabra aliinama, akamshika mashavu, ndipo akamjibu.

"Huwa unasema naye hivi?" Gaudensia akauliza.

"Ndiyo, dada. Nikimpa mgongo hanisikii. Mama yake pia alikuwa anafanya hivi, mi nikazani ni mazoea tu."

Gaudensia aliwaita Swabra na Mahmudu wamlete mtoto hospitalini Gitega. Daktari alikuta masikio yake yote mawili yameziba kwa nta, na ndani kuna uvimbe wa siku nyingi. Akayasafisha na kuandika dawa.

Walipofika mlangoni, Raissa alisimama ghafla.

"Nani anaimba?"

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akipanga ndizi, akijiimbia polepole. Swabra alicheka huku machozi yakimtoka. Mahmudu alitazama pembeni.

"Kumbe nilikuwa namgombeza bure," akasema.

Mbele ya hakimu, Gaudensia alieleza kwamba mtoto anawahitaji wote wawili: makao ya amani ya kila siku kwa Swabra, na Mahmudu wa kumfikisha kwa daktari na kumpokea likizo. Hakimu akakubali, na wenyewe hawakubishana tena.

Siku ya Idi Gaudensia alialikwa Gashoho. Mahmudu, aliyefika na familia yake yote, alimsogelea akanong'ona:

"Madame, huyu mtoto sasa hanyamazi, anasema mpaka akiwa kwenye sahani. Hatuwezi kumrudisha kwa daktari?"

"Baba mkubwa, nimekusikia," Raissa akajibu kutoka jikoni.

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Swabra akamwongezea Gaudensia pilau.