Shela la Kinyonga

"Kinyonga ndani ya nyumba!" Shangazi alishika kiuno. "Mwanamume gani atakuja kukuposa?"

Kinyonga wangu wa kwanza angeletwa jioni, na kizimba chake kilikuwa bado fremu tupu ya mbao. Matawi ya kukwea nilishayakata, na chupa ya kunyunyizia majani ilikuwa tayari, maana kinyonga hanywi maji bakulini, hulamba matone. Kilichobaki ni wavu. Kioo hakifai, mnyama anataka hewa.

Nikafungua kabati, nikatoa shela langu la harusi, harusi ambayo bwana mwenyewe aliivunja wageni wakiwa wameshakaa. Shangazi ndiye aliyelikunja na kulitunza, akimngojea mchumba mwingine.

"Wewe mtoto, usithubutu!"

Nikathubutu. Mkasi wangu wa ushonaji ulilipasua krrr, kutoka ncha hadi ncha. Nikalivuta juu ya fremu, nikalipigilia misumari midogo. Likakaa barabara, utadhani lilishonewa kazi hiyo.

Shangazi akajibwaga kitandani. "Na huyo mwanamume akija?"

"Abishe hodi polepole, Shangazi. Kinyonga hapendi kushtuliwa."