Namba za Tanuri la Chokaa

Lile kopo nililificha mimi mwenyewe, ndani ya tanuri la chokaa ambalo halijawashwa tangu kabla babu yangu hajazaliwa. Ni la plastiki, lenye kifuniko cha kubana, ndani mna kidaftari na penseli. Mchezo wenyewe uko hivi: mtu anaficha kopo, anaweka namba za mahali kwenye mtandao, wengine wanazifuata kwa simu mpaka walipate, wanaandika jina na tarehe, wanalirudisha. Nilipousikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Watu wazima na ndevu zao, wanatafuta makopo porini!

Aliyeniingiza ni mdogo wangu. Ni mpiga lipu, na tangu utotoni tunamwita Kiherehere, kwa sababu hajawahi kusubiri hata chai ipoe. Katika mchezo huu sifa ni ya yule anayeandika jina la kwanza kwenye kidaftari kipya, na Kiherehere aliitaka hiyo sifa kama mtu anavyotaka maji. Mimi nimestaafu upimaji ardhi, miaka thelathini na mmoja kazini. Nikasema nitamfichia kopo mahali ambapo fundi lipu atapapenda.

Ijumaa jioni nikaziweka namba. Jumamosi saa tatu asubuhi akanitumia ujumbe: "Nimefika. Silioni. Usinisaidie!" Nikatabasamu, nikarudi kwenye gazeti langu.

Saa nane mchana akapiga mkewe.

"Shemeji, mdogo wako hapokei simu."

"Mpe muda. Akishikwa na mchezo huwa hasikii."

"Alisema atarudi kula. Lini huyo amekosa chakula?"

Nikavaa viatu. Shemeji ni mpishi wa shule, akanikuta njia panda na aproni bado kiunoni, na tukapanda kilima cha tanuri. Yeye alinitangulia. Magoti yangu yalilalamika, nikayaacha yalalamike.

Tanuri ni duara la mawe lenye kimo cha watu wawili, mti umeota katikati yake, na chini lina mdomo mdogo ambapo zamani walichotea chokaa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ufa nilimolificha mimi, nikavuta kopo, nikafungua kidaftari. Cheupe.

"Hakufika," nikasema.

"Kakwambia kafika."

Tulimtafuta saa nzima. Nililala kifudifudi nikachungulia mdomo wa tanuri, nikapasua kichaka kwa fimbo, nikapanda ukingoni nikaangalia ndani mpaka kizunguzungu kikanishika. Shemeji alikuwa akizunguka na kumwita kwa jina lake la kweli, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya harusi yao. Sauti yake ilianza kukatika. Mimi nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo, mpumbavu, kichwa maji, siku zote mbio mbio. Ilikuwa hofu, si hasira, lakini hasira ndiyo niliyoizoea.

"Nionyeshe alichokuwa anafuata," shemeji akasema ghafla. "Hicho kitu cha kwenye simu."

Nikafungua simu nimwonyeshe. Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Mshale wa kuelekezea kopo ukageuka, ukaelekea vichakani upande wa pili, na chini yake pakaandikwa: mita mia tatu na kumi na mbili.

"Mshale unaonyesha kule," shemeji akasema.

"Simu imechanganyikiwa."

"Simu, au wewe?"

Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo nikakumbuka. Ramani yangu, ile niliyoondoka nayo ofisini siku ya kustaafu, ilichorwa kwa vipimo vya zamani. Setilaiti zina vipimo vyake. Kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya mita mia tatu hivi, na kila mpima ardhi anaisahihisha kabla hajaandika chochote. Vijana wangapi niliwagombeza mbele za watu kwa kuisahau! Halafu Ijumaa, kwa majivuno ya mtu anayeona simu ni vitu vya watoto, nilizisoma namba kwenye ramani nikazipeleka vilevile. Mganga hajigangi.

"Nimekosea mimi," nikamwambia. "Namba si zenyewe."

Aliipokonya simu akakimbia.

Mshale ulitufikisha kwenye machimbo walikokuwa wakichonga mawe ya kulisha tanuri. Kiherehere alikuwa chini ya ukingo wa mwamba, amelala chali, jiwe kubwa kama mlango limemkalia miguu. Mahali pote palikuwa pamechimbuliwa. Hakuacha jiwe bila kuligeuza, na mawe yalipomwishia alichimba chini ya ukingo kwa mwiko wake wa lipu mpaka ukamwangukia. Simu yake ilikuwa hatua tatu mbele yake. Siku nzima aliiona ikiita.

Shemeji alipiga magoti akamlowesha midomo kwa maji. Mimi nililisukuma jiwe kwa bega, halafu kwa mgongo, halafu kwa kilio. Halikutikisika. Nilipoinua kichwa nikaliona tanuri kule juu, zima, na mti wake, waziwazi.

"Tanuri lile pale!" nikamfokea, Mungu anisamehe. "Hukuliona?"

"Nililiona tangu asubuhi." Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tupu. "Nikasema, hapana. Kaka hakosei namba."

Nikakaa chini.

Shemeji alikuwa amewapata waokoaji kwa simu yake. Akawaeleza jiwe, miguu, saa alizolala pale. Kisha akaninyooshea simu zote mbili, yake na yangu.

"Wanataka namba za hapa tulipo. Wasomee wewe, ndiyo kazi yako."

Namba zilikuwa wazi kwenye simu yangu. Nilizitazama, na kila moja niliishuku.

"Soma wewe," nikamwambia, nikamrudishia.

Akazisoma polepole, moja moja, wakamwomba azirudie, akazirudia. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mdogo wangu, na ulikuwa unazidi kupoa.